Dumuzi Darini kwa Mama Paskali

Maisaka, Babati
Jumapili mchana, mwezi wa nane

Mke wangu mpendwa, Mama Sesilia,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kabla hujaendelea kusoma, waite Sesilia na Joji wakae karibu wasikie kwamba baba yao yu hai na anakula, kisha waache watoke wakacheze, maana yanayofuata nayaandika kwa ajili yako wewe. Goti la mama linaendeleaje? Na ile homa yako uliyoitaja katika barua ya Pasaka imeisha, au bado inakwenda na kurudi? Mimi sina ugonjwa. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe siyo ule wa kulala ukaamka umeondoka.

Najua umekuwa ukihesabu miezi. Barua zako mbili zilifika, ile ya Pasaka na ile ya mwezi wa sita, na nimezisoma mpaka mikunjo ya karatasi imeanza kuchanika. Katika zote mbili uliuliza swali lile lile, kama vyakula ulivyompa Kaspari aniletee mwaka jana vilinifaa. Kila nilipokaa kukuandikia nilifika kwenye swali hilo nikaweka kalamu chini. Leo nakujibu.

Nianze na hali ya huku, usije ukadhani wenzenu tunaponda raha. Kazi ipo, vifaa hakuna. Misumari mipya sijaishika tangu mwaka uanze. Nang'oa ya zamani kwenye mbao chakavu, naiweka juu ya jiwe naigonga mmoja mmoja mpaka inyooke, na mingine inakatika. Mwezi wa pili nilitengeneza jeneza la mtoto kwa vijiti vya kuchonga badala ya misumari, na baba wa mtoto akanishukuru kwa sababu kila mtu alikuwa amemwambia haiwezekani. Sukari tumeisahau. Mafuta ya taa yakifika dukani, foleni inatoka nje mpaka barabara ya Dodoma, na wa mwisho wanarudi na chupa tupu. Haya najua na kwenu yapo, kwa hiyo siyasemi kama malalamiko.

Mama Paskali nimekuandikia habari zake mara nyingi, lakini leo nataka umwone vizuri. Wakati saruji ilipokatika na mafundi wenzangu tuliokuja nao kujenga yale madarasa wakarudi makwao, yeye ndiye aliyenipa chumba nyuma ya nyumba yake. Ni mjane, mtu wa milima ya Mbulu, alishuka hapa na marehemu mume wake wakati bado wana nguvu za kung'oa visiki. Mwanawe Paskali ni mwalimu, anafundisha Singida, na hapa nyumbani anaishi na mkwewe Yustina na wajukuu wanne. Siku ya kwanza alinipa ugali na maziwa ya mgando, na mpaka nimenawa mikono alikuwa hajaniuliza mimi ni kabila gani. Shamba lake liko Sigino. Na kile kiwanja nilichokuandikia, kona ile ya chini ya nyumba yake penye migomba, ni yeye aliyeniambia, "Fundi, jenga pale, umlete mama watoto, mtu haishi kama mtumishi wa reli." Nilikuwa nimeshapima na kupigilia vigingi.

Basi Kaspari alipofika mwaka jana, mwezi wa tisa, alikuwa amechoka mno. Treni mpaka Dodoma, kisha siku mbili juu ya lori kupitia Kondoa. Alinikabidhi nusu gunia la makopa ya muhogo na yale mahindi ishirini ya mbegu uliyoyafunga kwa maganda yake, akaniambia, "Shemeji, dada amechagua yeye mwenyewe, moja moja, chini ya mwembe, hakutaka mtu amsaidie." Nilijua maana yake. Nilijua kwenu mwaka ule mlikuwa mnapima unga kwa kikombe. Nilipika makopa jioni ile ile, na Kaspari akaniambia nimekula kama mtu aliyetoka jela.

Yaliyobaki niliyapandisha darini. Stoo ya Mama Paskali iko ukuta mmoja na chumba changu, na juu yake kuna dari ya boriti na fito, na pale ndipo wanapoweka mahindi ya mwaka mzima, yakiwa na maganda yake, yamepangwa kama kuni. Ndivyo walivyozoea wote huku. Nilisukuma gunia letu kwenye pembe kwa sababu ya panya. Wiki iliyofuata nikapata kazi ya mabenchi ya kanisa kule Bonga, nikahamia huko na randa yangu mpaka karibu na Krismasi. Niliporudi nilikuwa na kazi ya milango, na nyumbani kwa Mama Paskali nilikuwa nakula chungu kimoja nao. Gunia lile nililisahau kabisa. Naandika neno hilo nikijua litakuuma, kwamba chakula ulichojinyima mimi nilikisahau, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nikasikia Mama Paskali ananiita kutoka juu. Sauti haikuwa ya hofu. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka shahidi. Nikapanda ngazi. Alikuwa amekaa kwenye boriti, kichwani na kwenye nyusi amejaa unga kama mtu aliyetoka mashineni, na mkononi ana hindi moja.

"Shika hili," akaniambia.

Nikalishika. Halikuwa na uzito wowote. Nilipofungua ganda, unga ukamwagika kwenye mapaja yangu, na punje zilizobaki kwenye gunzi zilikuwa maganda matupu yenye matundu.

"Ni fukusi," akasema. "Lakini fukusi gani huyu? Nimeolewa nikamkuta fukusi, anakula punje hapa, punje pale, tunapepeta tunakula. Huyu amekula mpaka gunzi."

Nilitazama kwenye kiganja changu. Mama Sesilia, wewe unamjua, huhitaji kuelezwa, lakini nitakueleza nilichokiona maana sijaweza kukisahau. Alikuwa mdudu mmoja mdogo, hafiki hata nusu ya punje ya mchele. Rangi yake kahawia iliyokolea, karibu nyeusi. Fukusi ana kile kipua kirefu mbele, yeye hana. Kichwa chake kimeinama chini ya kifua, ukimtazama kwa juu unadhani hana kichwa. Mwili ni mviringo kama kipande cha msumari, na nyuma amekatika ghafla, kama mtu aliyepigwa msumeno. Alikuwa anatembea polepole kwenye mstari wa kiganja changu bila wasiwasi. Ni dumuzi. Yule yule aliyemaliza ghala la baba yako mbele ya macho yetu, yule ambaye kwenu watu walimpa jina la lori kubwa kwa jinsi anavyosomba mzigo.

Kisha nikainua macho, nikaliona gunia letu kwenye pembe. Lilikuwa limelegea, limekaa chini kama nguo. Makopa yalikuwa yamekuwa vumbi, na kutoka pale kuja katikati ya dari unga ulikuwa mwingi zaidi kuliko mahali pengine popote. Hakuhitajika mtaalamu. Fundi anayejua kuta anaweza kuonyesha mahali ufa ulipoanzia.

Mama Paskali naye akaliona. Akajikokota mpaka pale, akafungua mdomo wa gunia, akachungulia. Unajua alisema nini? Alisema, "Hata ya kwako, Fundi. Pole sana. Na yametoka mbali."

Nikasema, "Asante, mama."

Ndilo neno nililosema. Nilikuwa na nafasi pale, mchana kweupe, tuko wawili tu, nikasema asante.

Ninataka ujue nilichofikiri, kwa sababu hii ndiyo sehemu mbaya. Nilifikiri juu ya kiwanja. Nilifikiri kwamba mimi ni mgeni, Mnyamwezi peke yangu mtaa mzima, na kwamba watu wakijua wataniondoa na vyombo vyangu. Na tena, Vero mke wangu, nilikukasirikia. Nilijiambia, vipi ajue kuchagua mahindi lakini asijue kutazama mdudu? Nilipanga hata namna ya kusema kwamba kosa ni la mke wangu. Wewe uliyenipa chakula kutoka kinywani mwa watoto. Nisamehe kwa hilo kabla hujanisamehe jingine lolote.

Siku ile tulishusha yaliyoharibika, kuku wakala wakachoka. Chini kabisa ya rundo, upande wa mlango, mahindi yalikuwa bado mazima, karibu robo ya yote. Mama Paskali akayapanga upya pale pale darini, na maganda yake. Mimi nilijua kwamba dawa yake ni kupukuchua siku hiyo hiyo, kuanika, kuondoa kila kitu kwenye zile boriti. Nilijua kwa sababu tulichelewa kufanya hivyo kwa baba yako tukajuta. Lakini kama ningesema hivyo angeniuliza, "Umejuaje?" Basi nikampokeza mahindi, moja baada ya jingine, akayapanga.

Kufika mwezi wa nne mwishoni hata yale yalikuwa vumbi.

Hapo ndipo nyumba ilipoingia kwenye shida yenyewe. Mavuno yalikuwa bado miezi mitatu. Yustina alikuwa anakwenda kupanga foleni ya yale mahindi ya njano ya msaada, wakati mwingine anapata, wakati mwingine anarudi na kikapu kimekunjwa kwapani. Wajukuu walianza kula mara moja. Mimi nilileta nilichopata, na nilipokuwa nakileta Mama Paskali alikuwa ananiombea baraka, na kila baraka ilinichoma. Mwezi wa tano alimuuza ng'ombe wake wa maziwa. Ndiye pekee aliyekuwa anakamuliwa. Siku wanamchukua, mama yule aliingia ndani akafunga mlango, hakutaka kumwona akipita getini.

Katikati ya hayo alikuja bwana shamba wa kata, kijana mpole, anatembea kwa baiskeli isiyo na breki. Alikuwa amesikia habari kwa majirani, maana nyumba mbili nyingine za jirani nazo zilianza kuona unga. Akamweka mdudu kwenye karatasi nyeupe, akamgeuza kwa ncha ya kalamu.

"Mama, huyu siyo fukusi," akasema. "Huyu anaitwa dumuzi. Tumeambiwa habari zake semina, kwamba yuko upande wa magharibi na anasambaa kwa magari. Mimi mwenyewe leo ndiyo namwona kwa macho. Umeleta mahindi kutoka wapi?"

"Mahindi ni ya shamba langu Sigino," Mama Paskali akajibu. "Sijanunua hata punje."

"Basi ameingia na kitu. Magunia labda?"

Mama Paskali akafikiri. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, napiga randa ubao wa mlango. Nikasikia akisema, "Magunia ya kubebea kutoka shambani niliazima kwa Mzee Gwandu."

Sikuacha kupiga randa.

Mzee Gwandu ni jirani wa nyumba ya tatu, Mlutheri, mtu mkimya aliyefiwa na mke miaka mingi. Tangu mume wa Mama Paskali afariki, ni yeye aliyekuwa anampa mkokoteni wake wa ng'ombe kila mavuno bila kuuliza. Maneno yalimfikia kabla ya jioni. Maisaka siyo kubwa. Wanawake kisimani walianza kusema kwamba mzee yule ana magunia machafu, wengine wakaongeza kwamba aliyaleta makusudi. Mama Paskali hakusema hayo ya kuongeza, lakini hakuyakanusha, maana alikuwa na njaa na hasira na alihitaji mahali pa kuiweka. Wakaacha kusalimiana. Watu waliokaa jirani miaka ishirini wanapishana njiani mmoja anatazama mlima, mwingine anatazama chini.

Nikaishi hivyo wiki nyingi. Nilikuwa nakwenda kazini mapema na kurudi nikiwa nimechoka makusudi. Barua yako ya mwezi wa sita ndiyo iliyonifikia wakati ule. "Vyakula vilikufaa?"

Mavuno ya kwanza yakaanza. Jumamosi moja nilikuwa uani nanoa msumeno nikamwona Mama Paskali anaingia getini na gunia la mahindi mabichi kichwani. Alikuwa ametoka nalo Sigino kwa miguu. Yustina alikuwa nyuma yake na mzigo mwingine, na mtoto mgongoni. Mama yule ana umri wa mama yako. Aliliangusha gunia, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, na sikuwahi kumwona akikaa hivyo mbele ya mwanamume. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Hakusema neno lolote juu ya mkokoteni. Aliniomba maji tu.

Nilimletea maji, nikasubiri anywe. Kisha nikachuchumaa mbele yake.

"Mama," nikasema, "mdudu hakuja na magunia ya Mzee Gwandu. Alikuja na mzigo wangu. Yale makopa na mahindi kutoka nyumbani."

Akanitazama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Huyu mdudu namjua. Alimaliza ghala la mkwe wangu."

"Umejua lini kwamba ni yeye?"

"Siku ile uliponiita darini."

Akaanza kukunja vidole, kimoja kimoja. Yustina alisimama na mzigo wake hajautua. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa hilo. Kumbe alikuwa anahesabu miezi.

"Mwezi wa tatu," akasema. "Mdudu simlaumu, Fundi. Wala huyo mke wako simlaumu, alikutumia chakula. Lakini pale chini palikuwa na mahindi mazima. Ulinipokeza kwa mikono yako nikayapanga."

Nikaitazama hiyo mikono.

"Ng'ombe wangu nisingemuuza," akasema tena, polepole, siyo kwa kunigombeza, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kisha akainuka, akajikung'uta. "Twende kwa Mzee ukamwambie mwenyewe. Sasa hivi. Mimi nimemkosea, lakini nimemkosea kwa sababu yako."

Tukaenda jua likiwa bado juu. Mzee Gwandu alikuwa anatengeneza kamba ya ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza yote kama nilivyomweleza Mama Paskali. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono haikuacha kusuka.

"Kwa hiyo magunia yangu yalikuwa safi," akasema.

"Yalikuwa safi, mzee."

"Niliyachoma." Sasa akaacha kusuka. "Magunia manane. Yote niliyokuwa nayo. Watu walisema sana, mwisho nikaanza kuamini mwenyewe. Nikayachoma pale nyuma ya zizi, na siku hizi gunia hulipati hata kwa kuomba."

Mama Paskali akasema, "Mzee, nisamehe. Niliposikia wakisema nilinyamaza."

Mzee alimwita binti yake alete kiti, akaletwa kiti kimoja, akapewa Mama Paskali. Mimi nilibaki nimesimama, na ilikuwa haki. Kisha akamwuliza, "Shambani umebakiza kiasi gani?" Akamwambia. Asubuhi ya Jumatatu mkokoteni ulikuwa getini, ng'ombe wamefungwa, na mzee mwenyewe amekaa mbele. Hakunisalimia. Hakunisalimia mwezi mzima.

Nilimwambia Mama Paskali kwamba nitaondoka. Akaniambia, "Uende wapi? Kwanza bomoa ile dari." Basi hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Nilibomoa dari yote, boriti na fito, maana dumuzi anaingia hata kwenye mti mkavu, anachimba kama keekee ya kutobolea mbao, anakaa humo anasubiri chakula kipya. Zile boriti ukizigonga zilitoa unga. Tukazichoma zote. Nikakagua na chumba changu, na hapo nikakuta sanduku la vifaa, lile la marehemu baba alilochonga mwenyewe, lina matundu upande wa chini. Matundu madogo, safi, ya mviringo. Nililigeuza mara nyingi, nikajaribu kujiambia ni ya zamani. Nililitia motoni na boriti. Nilibakiza bawaba zake mbili za chuma. Utamwambia mama siku ukiona ana nguvu, usimwambie kwa ghafla.

Mahindi mapya hayakupanda juu na maganda. Tuliyapukuchua yote, mimi, Yustina, watoto na Mama Paskali mwenyewe. Tulianika juani siku baada ya siku, tukapepeta kila ungo. Vidole vyangu vimezoea mbao lakini vilitoka malengelenge. Bwana shamba alileta dawa ya unga, kidogo, haikutosha, akasema nyingine haijafika kutoka Arusha na hajui itafika lini. Iliyokuwepo tuliichanganya na mahindi ya chakula cha mwisho wa mwaka, yale ya kula sasa tukachanganya na majivu. Nikamjengea kihenge kipya juu ya miguu ya mti mbichi niliyoipaka oili chafu ya gari.

Halafu bwana shamba akaniomba tutembee nyumba kwa nyumba, kwa sababu yeye anamjua mdudu kwa semina na mimi namjua kwa hasara. Nikakubali. Ninabeba vichupa viwili vya dawa za hospitali, kimoja kina fukusi, kingine kina dumuzi, wote wamekufa. Ninawaonyesha wazee, huyu ana pua, huyu amekatika nyuma, ukimwona huyu usingoje kesho, pukuchua. Wengine wanasikiliza. Wengine wanasema baba zao waliweka darini na babu zao pia. Katika kila nyumba nasema kwamba mimi ndiye niliyemleta hapa Maisaka. Bwana shamba aliniambia sina lazima ya kusema hivyo, kwamba pengine alikuwa ameshafika na magari ya mahindi, hakuna ajuaye. Inawezekana. Lakini darini kwa Mama Paskali alifika na mimi, na nisiposema, mtu mwingine atatafutwa. Watoto wa mtaani sasa wananiita Fundi Dumuzi. Siwakatazi.

Kuhusu kiwanja, kimekwenda. Mama Paskali amempa Mzee Gwandu kona ile alime mihogo na kufunga ng'ombe wake, na nadhani ni namna yake ya kulipia yale magunia. Aliniambia mwenyewe, hakunificha. Niling'oa vigingi vyangu siku hiyo hiyo nikavitia jikoni. Sikukasirika. Nilikuwa nimechoka mno kukasirika, na tena alikuwa na haki.

Juzi Alhamisi Mzee Gwandu alikuja na jembe ambalo mpini wake umevunjika. Akaniwekea mbele ya miguu, akasema, "Fundi, habari za kazi." Maneno hayo tu. Nilimchongea mpini siku hiyo, nikaulainisha mpaka ukang'aa.

Na jana jioni, tukiwa tunakula, Mama Paskali aliniuliza kwa nini siandiki nyumbani. Nikamwambia sina la kuandika, nilikuambia uje mwezi wa kumi na mbili na sasa sina pa kukuweka. Aliendelea kula. Baadaye akasema, "Chumba unacholala kina ukubwa gani?" Nikamwambia. Akasema, "Mimi na marehemu tulianzia kwenye kidogo kuliko hicho, na ng'ombe humo humo. Mwandikie mama watoto. Mwambie aje na watoto na nguo zao. Chakula asibebe, hata kiazi. Atakikuta hapa."

Yustina alianza kucheka, akajizuia, kisha Mama Paskali mwenyewe akacheka, na ni mara ya kwanza tangu ng'ombe aondoke.

Nimekueleza yote, hakuna nililolibakiza. Siwezi kukuambia njoo, maana nimekupotezea nyumba kabla hujaiona. Wala siwezi kukuambia usije. Chumba ni kimoja, paa linavuja upande wa dirisha, nitaliziba nikipata bati. Fikiri wewe mwenyewe, na ukiamua kubaki sitakulaumu, nitarudi mimi msimu wa tumbaku tuanze upya huko.

Nisalimie mama, mwambie ile dawa ya goti nitaitafuta. Nisalimie baba mkwe, na mwambie kwamba sasa ndiyo nimeelewa kwa nini hakusema neno siku ile ghala lilipokwisha. Nisalimie shemeji Kaspari, na tafadhali usimwambie alibeba nini. Alitaabika sana kwa ajili yangu. Sesilia mwambie nimeiona alama yake ya hesabu nimefurahi. Joji mwambie viboko wa ziwani wapo kweli, nimewasikia kwa masikio yangu.

Barua hii nitampa dereva anayekwenda Dodoma kesho, ataitia kwenye treni. Nilimwambia nitampa barua peke yake. Alishangaa, aliniuliza kama sina hata kifurushi cha kumtumia mke. Nikamwambia hapana, mwaka huu natuma maneno tu.

Ni mimi mumeo, niliye na mikono mizima na moyo uliochoka,

Mathias, Baba Sesilia